Waya Uliovutwa na Watu Watatu

Ukitaka kumkasirisha Mama Mita, mwambie kitu kimekufa. Redio haifi, atakuambia, pasi haifi, simu haifi. Kuna mahali pamekatika na hakuna aliyejisumbua kupatafuta, basi. Atayasema hayo huku tayari ameitoa mita yake kwenye mfuko wa aproni, ile ya njano yenye ufa kwenye kioo, iliyompa jina mpaka nusu ya mtaa imesahau kwamba alizaliwa na jina jingine. Mafundi wenzake huacha vyombo vyao kazini. Yeye mita huenda nayo sokoni, na kwenye harusi imo ndani ya pochi, na ukimcheka atakujibu kwamba hata wewe mdomo wako hujauacha nyumbani.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Mlango unatazama barabara, meza ni moja na ndefu, na juu ya meza kuna taa ya shingo ndefu inayogombaniwa kutoka pande mbili. Kiti cha ndani ni chake. Kiti cha dirishani ni cha dada yake, anayeitwa Dada Mkubwa na kila mtu, hata na watu waliomzidi umri.

Dada Mkubwa hasikii. Aliugua homa utotoni, homa ikaondoka na masikio yake, na tangu hapo Mama Mita, aliyekuwa bado anafungwa vifungo na mama yake, akapata kazi ya kwanza maishani mwake: kumvuta dada mkono wa gauni. Gari linakuja, anavuta. Mama anaita, anavuta. Mtu kapiga hodi, mvua imeanza kugonga bati na nguo ziko nje, anavuta. Magauni ya Dada Mkubwa mpaka leo huanza kuchakaa mkono wa kushoto. Mshonaji wao ameshazoea, upande ule huupiga mshono mara mbili bila kuulizwa.

Ufundi nao ulianzia hapo hapo. Baba yao alikuwa na redio ya kasha la mbao, na Dada Mkubwa alipenda kuiwekea kiganja ubavuni na kukaa hivyo, ametulia, anasikiliza kwa ngozi. Siku moja watu wazima wakiwa uani, alitoka ndani akaonyesha kwa mikono kwamba redio imenyamaza. Shangazi yao akacheka mpaka akashika mbavu. "Yaani huyu ndiye wa kutuambia habari za redio?" Mama Mita hakucheka. Aliingia ndani na kisu cha jikoni, akafungua kasha, akakuta waya umetoka mahali pake, akausokota na mwenzake. Kiganja cha dada kikarudi ubavuni mwa redio, na uso wake ukafunguka. Shangazi alikanusha kicheko kile hadi uzeeni, lakini kwa nini nimsitiri? Alicheka.

Walipokua, mdogo akawa wa kutafuta ubaya ulipo, na mkubwa akawa wa kuunganisha. Nisitie chumvi: lehemu za Dada Mkubwa ni ndogo, za mviringo, zinang'aa, na hakuna hata moja yenye mkia wa risasi iliyoburutwa. Kuna mafundi wa mitaa mingine wanaoleta kazi zao pale wakijifanya wamepita kusalimia, kumbe wanataka mkono wake.

Meza ile ina desturi zake. Ukitaka kusema unagonga mbao mara mbili, Dada Mkubwa anahisi mtetemo wa meza, anaweka chuma cha kulehemu chini, nawe unaweka chako, maana mikono iliyoshika vyombo haiwezi kuzungumza. Akisema mmoja, mwingine anatazama. Sijaona meza nyingine ambako watu hawakatizani maneno.

Desturi ya pili ilizaliwa siku mteja mmoja aliporudisha redio yake, akaitupa mbele ya Dada Mkubwa na kumnyooshea kidole. "Asiyesikia atajuaje redio inaimba?" Mama Mita alimtoa nje yeye na redio yake, na maneno aliyomsindikiza nayo siwezi kuyaandika hapa. Jioni ile alijiapia kwamba hakuna kidole kingine kitakachonyooshwa kwenye kazi ya dada yake, hata chake mwenyewe. Akikuta pengo kwenye kazi ya dada, analiziba na kunyamaza. Kwa miaka yote ile aliamini hiyo ni siri yake peke yake.

Sasa, Dada Mkubwa ana presha, na kila mwezi huenda zahanati kupimwa. Mama Mita humsindikiza ili muuguzi akiita jina, avute mkono wa gauni. Mwezi mmoja mteja wa haraka alimpigia simu wakiwa pale pale kwenye benchi, feni za duka la mtu zinatoa moshi. Mama Mita alikwenda mbio akidhani atawahi kurudi. Hakuwahi. Jina la Dada Mkubwa liliitwa, likaitwa tena, likarukwa. Alikaa pale akitazama midomo ya watu mpaka mfagiaji alipofika na ndoo na kumwonyesha kwamba anataka kupiga deki chini ya miguu yake.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alivua gauni, akalitundika msumarini, akaketi mezani na kugonga mara mbili.

"Leo hakuna aliyenivuta," akasema kwa mikono.

Hakulalamika zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililomchoma Mama Mita kuliko matusi. Usingizi ulimpaa. Asubuhi alikuwa na wazo, na wazo likimwingia yule mama hata chai haipiti kooni.

Alikwenda kwa daktari mkuu wa zahanati, mwanamke mnyoofu asiyependa maneno marefu, akamweleza anachotaka: kibao cha namba chenye taa, ukutani, kila mgonjwa apewe kikaratasi cha namba, na muuguzi abonyeze kitufe badala ya kupaza sauti.

"Umechelewa, Mama Mita," akasema daktari. "Nimeshamwita fundi wa spika. Watu wananilalamikia hawasikii majina yao kwa kelele."

"Na asiyesikia hata hiyo spika?"

Daktari alimkumbuka Dada Mkubwa, hilo lilionekana usoni. "Wauguzi wangu wana mikono miwili tu," akasema. "Watabonyeza kitufe chako au watashika kipaza sauti. Vyote viwili haviwezekani. Fundi wa spika anakuja Jumatatu asubuhi. Ukinionyesha kibao kinafanya kazi kabla hajapanda ngazi, ukuta ni wako. La sivyo, ukuta ni wake."

Kazi ikaanza. Mama Mita alitengeneza kasha la mapokezi, lenye kitufe na chipu, ile kompyuta ndogo isiyofika ukubwa wa kucha ya dole gumba. Dada Mkubwa alijenga vibao viwili, kikubwa cha ukumbini na kidogo cha dirisha la dawa. Kuvuta waya darini na kuuunganisha ndani ya kasha dogo huko juu akapewa shemeji, mdogo wake mume wa Mama Mita, mrefu wa kugusa dari bila ngazi na mwenye mzaha usiokauka. Mume mwenyewe ni dereva wa lori, na juma lile alikuwa safarini. Kwa simu alisema jambo moja tu: "Msimpe huyo mdogo wangu nafasi ya kutoa hotuba."

Chipu na vibao vyote viwili vilitumia waya mmoja wa data. Mama Mita alilieleza jambo hili kwa kila aliyeuliza na kwa wengi wasiouliza. Waya ule, alisema, wakati wa kimya unatakiwa ukae juu, umejaa umeme. Anayetaka kusema anauvuta chini na kuuachia, anauvuta na kuuachia, na huo ndio usemi wao. Chipu inakiita kibao kwa anwani yake. Kibao kinaitika kwa kuuvuta waya chini mara moja, kama mtu anayesema nipo, ndipo kinapewa namba ya kuonyesha. Kisipoitika hakipewi kitu. Na kinachourudisha waya juu kila unapoachiwa ni rezista, kidude kidogo kuliko punje ya mchele, kinachofanya kazi ya springi ya mlango: ukiusukuma mlango unafunguka, ukiuachia springi inaufunga. Bila springi mlango unabaki wazi, na waya unabaki haujulikani uko juu au chini.

Mezani kila kitu kilikwenda vizuri. Mama Mita alijaribu kasha lake kwa kibao cha majaribio na waya mfupi, namba zikapanda na kushuka, akapiga vigelegele mpaka muuza vocha wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza nani kajifungua.

Jumamosi mchana, wagonjwa walipokwisha, wakafunga kila kitu ukutani. Daktari mkuu alisimama mikono kifuani. Dada Mkubwa aliketi kwenye benchi la mbele, amevaa gauni lake la kutokea. Mama Mita akabonyeza kitufe.

Kibao kikubwa kilikuwa na vistari viwili vyekundu, vile vinavyowaka umeme ukiingia. Vikabaki vile vile. Kibao kidogo nacho vistari viwili. Akabonyeza tena. Akabonyeza mpaka kitufe kikaanza kulia.

"Mwambie taratibu, shemeji," akasema yule mrefu kutoka juu ya ngazi. "Labda ana haya mbele za watu."

Hakuna aliyecheka. Mama Mita alizima, akawasha, akagusa viungo vyote, akaipitia programu kwenye kompyuta yake ndogo mstari kwa mstari huku daktari akitazama saa ya ukutani kwa adabu. Mwishowe daktari akasema, "Pole na kazi, fundi. Ufunguo wa ukumbi uko kwa mlinzi. Mpaka Jumatatu." Akaondoka. Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Mita hakumtazama dada yake usoni. Alikuwa amemwahidi mbele ya watu kwamba hatarukwa tena, na sasa alijiona amemkalisha tena kwenye benchi lile lile.

Jumapili asubuhi walirudi wote watatu. Mama Mita alikuwa amepiga moyo konde. Programu ilikuwa sawa, hilo aliliamini. Vibao vyote viwili vilinyamaza kwa pamoja, kwa hiyo ubaya uko kwenye kile wanachoshirikiana, yaani waya wa data. Na waya wa kushirikiana huuchunguzi kwa kuutazama. Unawatoa walioshika waya mmoja mmoja, unaona ni nani akitoka wengine wanapona.

Alichomoa kibao kikubwa. Akabonyeza. Kibao kidogo cha dirisha la dawa kikaandika moja.

Shemeji alipiga kofi. "Haya! Mwizi amepatikana. Kosa liko kwenye kibao cha Dada..." Akajikata kauli mwenyewe. Hata yeye alijua kuna sentensi ambazo kwa Mama Mita hazimaliziki.

Mama Mita aligeuka kumtazama dada yake. Dada Mkubwa alikuwa amekaa benchini, macho kwenye kibao kidogo kilichowaka, anatabasamu, hajui kwamba namba ile imemtia hatiani. Desturi ilimtaka Mama Mita afungue kibao kile, arekebishe kimya kimya, afunge. Tatizo ni kwamba benchi linatazama ukuta ule ule, na dada ana macho.

"Rudisha kibao," akamwambia shemeji. "Sasa tuliruke kasha lako la darini."

"Kasha langu? Shemeji, kasha langu lina nini? Ni viungo tu, halina hata akili."

"Tunaliruka."

Walitoa waya kwenye kasha la darini, wakausokota moja kwa moja. Kibao kikubwa kimo, kibao kidogo kimo, chipu imo. Akabonyeza. Vyote viwili vikaandika moja.

Shemeji alibaki mdomo wazi, na hilo si jambo la kila siku. "Kwa hiyo mwizi ni mimi?"

Mama Mita alirudisha kasha la darini. Vibao vikanyamaza. Akachomoa tena kibao kikubwa, kidogo kikapona. Ukimtoa huyu, wanapona. Ukimtoa yule, wanapona. Ukiwarudisha wote, kimya. Akili yake ilizunguka humo mara kadhaa, mpaka ikasimama. Hakuna mwizi. Kila mmoja ni mzima, na wote kwa pamoja wanauana.

Akazima umeme, akatoa mita ya njano, akaweka ncha moja kwenye waya wa data na nyingine kwenye waya wa umeme. Hapo alitarajia kusoma rezista moja, ile aliyoiweka yeye mwenyewe kando ya chipu. Mita ilisoma chini ya nusu ya hapo, na kipimo hicho hushuka rezista zinapoongezeka. Ni rezista moja tu aliyoiweka, na waya ulikuwa unavutwa na zaidi ya moja.

"Shemeji," akasema taratibu, "darini kwako umeweka nini?"

Yule mrefu akajikuna shingo. "Kidude kidogo tu. Waya ni mrefu, nikasema utachoka njiani. Wewe mwenyewe ulisema waya mrefu unataka kuvutwa kwa nguvu."

"Hukuniambia."

"Pale mezani kwenu nani humwambia mwenzake kitu? Mtu anaziba, ananyamaza. Nimejifunza kwenu."

Hilo lilimpata. Akapanda kiti, akafungua kibao kikubwa, akamulika kwa tochi ya simu. Ilikuwa pembeni kabisa, chini ya waya wa data: rezista moja, imelehemiwa kwa vidonge viwili vya mviringo, vinang'aa, bila mkia. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani.

Rezista tatu, basi. Mlango mmoja, springi tatu. Chipu ina mabavu, ikiusukuma unafunguka. Lakini kibao kina mkono wa mtoto. Kilikuwa kinasikia vizuri kwamba kinaitwa, kinajitahidi kuitika, kinauvuta waya chini, na springi tatu zinaurudisha juu kabla haujafika mahali pa kusikika. Chipu ikadhani hakuna mtu. Mama Mita alisimama juu ya kile kiti akiwaza habari ya mtu aliyekuwapo siku zote, anaitika, na anahesabiwa kwamba hayupo.

Alishuka, akaketi kando ya dada yake, akagonga mbao za benchi mara mbili. Mikono yake haikutaka kuanza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu desturi ile izaliwe.

"Nimekuta rezista yako kwenye kibao," akasema kwa mikono.

"Ndiyo," akajibu Dada Mkubwa, hana wasiwasi. "Ulisahau. Kwenye ile saa ya duka la vitambaa ulisahau ikatutesa. Nikasema safari hii niweke mwenyewe."

"Safari hii sikusahau. Ipo kwenye chipu. Na shemeji kaweka yake darini. Ziko tatu. Zinavuta mno, vibao vyako vinashindwa kujibu."

Dada Mkubwa alitazama kibao, akatazama dari, akamtazama shemeji, ambaye aliinua mikono juu kama aliyekamatwa. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Kwa nini hukuniambia kwamba umeweka?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Mimi huwa sikuambii," akasema Dada Mkubwa. "Nikikuta umekosea narekebisha, basi. Nikikuambia utaona aibu. Wewe ni mdogo wangu."

Mama Mita alidhani amesoma mikono vibaya. "Huwa?"

Dada Mkubwa akaanza kuhesabu kwa vidole. Feni ya kinyozi. Redio ya mwalimu. Pasi ya yule mama wa kona, waya wa ardhi uliwekwa upande usio wake, angepigwa shoti. Taa ya ngazi za nyumba ya ghorofa. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia mkono wa pili.

"Basi, basi," Mama Mita akaishika ile mikono, jambo ambalo kwa watu wanaozungumza kwa mikono ni sawa na kumziba mtu mdomo. Akaiachia haraka. Aibu na kicheko vilimpanda kwa pamoja. "Hata mimi," akakiri. "Hata mimi huwa narekebisha za kwako. Nanyamaza."

"Najua," akasema dada yake.

"Unajuaje?"

"Lehemu zako ni mbaya. Unadhani sizioni zikikaa katikati ya zangu?"

Mama Mita alicheka mpaka machozi yakamtoka, na shemeji, ambaye anaelewa mikono nusu nusu, akadai atafsiriwe. Alipotafsiriwa akaketi juu ya ngazi kwa kucheka. Miaka yote ile, wanawake wawili wanasitiriana kwenye meza moja, kila mmoja anamlinda mwenzake na aibu ambayo mwenzake ameshaiona zamani. Na kazi zilikuwa zinatoka nzuri, kwa sababu kila kitu kilipita mikono minne. Wateja walisifu ufundi wa Mama Mita, naye akazipokea sifa. Sasa alijua nusu yake ilikuwa ya nani, na wala hakujiona amepungua. Alijiona ana dada.

Ikabaki kuamua ni rezista ipi ibaki, maana mlango unataka springi moja. Mama Mita akachukua koleo la kukatia, akafungua kasha la mapokezi na kukata ya kwake mwenyewe. Akamwamuru shemeji aikate ya darini. Akafunga kibao kikubwa bila kukigusa ndani.

Dada Mkubwa akamgonga begani. "Kwa nini yangu?"

"Umeiunganisha vizuri kuliko sisi wote."

"Usinivishe kilemba cha ukoka."

"Kilemba gani? Ya kwangu ilikuwa na mkia, njoo uione." Akamwonyesha kwenye kiganja. Dada Mkubwa akaitazama, akaikunjia uso, akakubali kwamba kweli ina mkia.

Umeme ukawashwa. Vistari viwili. Mama Mita akamwachia dada yake kiti cha mapokezi. Dada Mkubwa akaweka kidole kwenye kitufe, akatazama ukuta, akabonyeza. Moja. Akabonyeza. Mbili. Kibao kidogo kikawa kinafuata kikubwa bila kukosea. Alibonyeza mpaka shemeji akauliza kama anahesabu wagonjwa wa mwaka mzima.

Jumatatu ukumbi ulikuwa umejaa. Fundi wa spika alifika na ngazi yake begani, akakuta daktari mkuu amesimama mlangoni anatazama kibao kikiita, watu wanainuka na kuingia, na kwa mara ya kwanza hakuna muuguzi anayepiga kelele. "Njoo huku nyuma," daktari akamwambia yule fundi. "Getini kwangu hakuna kengele." Alipompita Mama Mita akampa mkono, akaubana kwa nguvu. Mama Mita akavimba kichwa pale pale, na mimi simlaumu hata kidogo.

Dada Mkubwa alikuja kupimwa presha. Zamu ya siku aliyorukwa ilikuwa bado ni deni. Alikataa kusindikizwa. "Baki nje," alisema, na mikono yake haikuwa na mzaha. Basi Mama Mita akakaa barazani, penye dirisha, anajifanya anakagua swichi ya taa ya nje isiyo na tatizo lolote.

Aliona dada yake akichukua kikaratasi, akiketi katikati ya watu, pochi magotini. Kando yake alikaa mzee mmoja mwenye fimbo, kidevu kifuani, usingizi umemchukua. Namba zikaenda. Dada Mkubwa hakuwa anatazama midomo ya mtu. Alitazama ukuta mara moja moja, kama wenzake. Namba yake ilipowaka, Mama Mita alikuta mkono wake mwenyewe umeshainuka hewani, vidole vimekunjwa kushika kitambaa ambacho hakikuwapo. Ndani ya ukumbi dada yake alikuwa ameshasimama, ameshanyoosha gauni, anatembea kuelekea chumba cha kupimia bila haraka. Mama Mita akaushusha mkono ule, akautia mfukoni mwa aproni, ukakutana na mita. Fahari ilimjaa mpaka akaona ukumbi mzima umetota maji.

Alipotoka, Dada Mkubwa hakwenda moja kwa moja mlangoni. Alisimama kutazama kibao. Namba mpya ilikuwa inawaka na hakuna aliyeinuka. Watu waligeuka huku na huku. Muuguzi alikuwa ameshapeleka kidole kwenye kitufe, ampite. Dada Mkubwa akainama, akasoma kikaratasi kilichokuwa kinataka kuanguka kutoka kwenye vidole vya yule mzee aliyelala, akakilinganisha na ukuta.

Kisha akamvuta mkono wa shati.